Pua imekwenda upande: nianzie saluni au hospitali?

BARUA

Shikamoo mama,

Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano. Nauza madera na vitenge Kariakoo. Biashara yangu kubwa siku hizi iko kwenye simu kuliko dukani. Jioni nikishafunga hesabu naweka simu kwenye stendi, naingia laivu TikTok, wateja wa mikoani wanaagiza, kesho yake mzigo unapanda basi.

Tatizo langu ni pua. Imekwenda kushoto. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote, ila halikuninyima usingizi mpaka mteja mmoja alipoandika katikati ya laivu: "Dada, dera limenyooka, pua je?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili biashara iendelee. Tangu siku hiyo nikijirekodi sitazami nguo, natazama pua. Nakaa upande upande, navuta mtandio hadi karibu na shavu, najipaka poda nyeusi pembeni mwa pua kama wanavyofundisha mtandaoni. Nikinawa tu, iko palepale.

Asili yake naijua. Nilikuwa na miaka tisa, niko kwa bibi Kilosa, tunatwanga mahindi na binamu yangu kwa kupokezana. Punje zikaruka, nikainama kuzirudisha kinuni, mchi wake ukanikuta usoni. Damu ilitoka nyingi. Bibi akaniwekea kitambaa cha maji baridi, ikakata, nikarudi kucheza. Hospitali hatukwenda. Cha ajabu, picha zangu za darasa la nne pua haionekani kupinda sana. Nilipofika kidato cha pili ndipo wenzangu walianza kunitania.

Tundu la kushoto halipitishi hewa vizuri. Mafua yakinipata ndiyo kabisa, nalala mdomo wazi, naamka koo limekauka, na mume wangu anasema nakoroma kama mwanaume. Nilinunua duka la dawa matone ya kuzibua pua, yale unayodondoshea na dakika mbili tu pua nyeupe. Sasa ni mwaka wa pili sitoki nyumbani bila kichupa, na naona siku hizi kinafanya kazi kwa muda mfupi.

Mama yangu anasema kosa ni lake, nilizaliwa bibi hayupo, kwa hiyo sikukandwa pua nilipokuwa mchanga. Mume wangu anasema niache kubadilisha alichoumba Mungu. Rafiki yangu ana saluni, anasema kuna dada anakuja kuchoma sindano za fila, zile za kujaza chini ya ngozi, nusu saa pua imenyooka, na kwa kuwa ni rafiki atanipunguzia. Nimekwisha kununua pia kile kibanio cha plastiki cha kubana pua usiku. Kimeniachia alama nyekundu tu.

Mama, nifanye nini? Je, kuna dawa isiyo ya kisu? Na kama ni kisu, ni cha urembo au cha hospitali?

Nilitaka kusahau: Jumamosi mwanangu ameanguka na baiskeli akapiga uso chini. Pua imevimba, ilitoka damu kidogo, na tangu juzi usiku anahema kwa mdomo, anasema pua zote mbili zimeziba. Mama mkwe anamkanda na maji ya moto. Naona ataendelea vizuri, ila nisingependa yanipate yaleyale mara ya pili.

Ni mimi, Mama Pua, Kariakoo.

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo ulilotaka kulisahau, maana katika barua yako yote ndilo pekee lililokuwa na saa.

Nilikupigia siku ileile barua yako iliponifikia nikakuambia umpeleke mtoto hospitali kabla jua halijazama, na umeniruhusu niwaeleze wasomaji kwa nini. Mtoto aliyeumia pua, kisha matundu yote mawili yakaziba siku moja au mbili baadaye, anaweza kuwa na damu iliyojikusanya ndani ya ukuta wa kati wa pua. Ukuta ule sehemu ya mbele ni gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ngozi nyembamba iliyolifunika pande zote mbili. Damu ikiingia katikati ya ngozi na gegedu, inalitenga na chakula hicho. Siku chache tu gegedu linaanza kufa, na damu ile ikiingiwa na wadudu inageuka usaha. Dawa yake ni daktari kuipasua kidogo, kuitoa, kuweka pamba ili isijae tena, na kumpa mtoto dawa za kuzuia maambukizi. Ni kazi ndogo ikifanywa ndani ya siku moja. Miaka yangu ya uuguzi katika wodi ya masikio, pua na koo nimewaona walioletwa wiki mbili baadaye: juu ya ncha ya pua pamebonyea, na kurudisha pale palipobonyea ni upasuaji mkubwa wa miaka ya mbele, mtoto akishakua.

Unaweza kutazama mwenyewe kwa tochi ya simu. Inua ncha ya pua kwa kidole gumba, taratibu. Ukuta wa kati uwe mwembamba, rangi ya waridi. Ukiona umevimba kama puto laini, umeiva wekundu wa zambarau, upande mmoja au pande zote mbili, usimkande, usimminye, ondoka. Ondoka pia ukiona maji meupe mepesi yanadondoka tundu moja hasa akiinama, au anatapika, analala ovyo, anaona vitu viwili viwili. Hayo si ya pua tena, ni ya kichwa.

Nashukuru daktari alimulika akakuta uvimbe wa kawaida na damu iliyoganda. Lakini amekutaka umrudishe uvimbe ukishapungua, na tafadhali urudi. Pua iliyovimba haisemi kama imepinda au la, na eksirei mara nyingi haisaidii. Macho na vidole vya daktari ndivyo vinavyoamua. Uvimbe ukishuka, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano, ndipo anaona. Kama mfupa umehama, unaweza kurudishwa kwa mkono na kifaa bila kuchana ngozi, lakini mlango huo unafungwa mapema: kwa mtu mzima wiki mbili hivi, kwa mtoto haraka zaidi, kwa sababu mifupa yake inashika upesi. Mambo haya si ya jana. Kuna mafunjo ya Misri, yaani maandishi ya kale, ya takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo yanayoelekeza namna ya kurudisha pua iliyovunjika, kuiwekea vizibo vya kitani vilivyopakwa mafuta ndani na kuibana kwa vitambaa vigumu nje. Bibi zetu walikuwa na kitambaa cha maji baridi. Hakina ubaya, na kwa kuzuia damu mwinamishe mtoto mbele, umminye sehemu laini ya pua dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Wanaomlaza chali na kummwagia maji utosini wanamnywesha damu yake.

Sasa tuje kwako.

Theluthi ya juu ya pua yako, pale miwani inapokaa, ni mfupa. Kuanzia hapo hadi nchani ni gegedu. Ndani yake ukuta wa kati ndio unaoshikilia yote, mithili ya mti wa katikati wa hema: ukilala, turubai linalala nao. Mchi wa binamu yako inaelekea uliufikia ukuta huo. Katika miaka tisa pua bado ni ndogo, kosa dogo halionekani. Ukibalehe, pua inakua haraka pamoja na uso, na ukuta ulioumia unakua ukielekea ulikosukumwa. Ndiyo maana darasa la nne ulikuwa sawa na kidato cha pili wakakuona. Si uchawi, wala si kwamba picha zilidanganya.

Kwa hiyo mama yako mwambie apumzike. Kukandwa pua na bibi kusingekuzuia kupigwa na mchi. Na ninyi akina mama wachanga mnaonisoma, kuvuta pua ya mtoto kwa mafuta ili iwe ndefu hakujengi chochote. Gegedu halifuati vidole. Nimeona watoto wa wiki mbili wakiwa na pua zilizochubuka ndani kwa kucha za shangazi. Mtoto mchanga anapumua kwa pua zaidi kuliko mdomo, mwacheni na pua yake. Wapo wanaozaliwa pua imelala upande kwa kubanwa njiani, na wengi wao inajirudi yenyewe siku za mwanzo. Isiporudi, au akinyonya anakatiza ili apumue, apelekwe kwa daktari.

Kwako wewe naona mambo mawili yamefungwa kitenge kimoja: pua inayotazamwa na pua inayopumua. Saluni inaweza kuzungumza na wewe kuhusu ya kwanza tu. Ya pili ndiyo inayokuamsha usiku, ndiyo ninayotaka uanze nayo, na ikishughulikiwa vizuri huenda ile ya kwanza ikapungua uzito.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kijiko kikubwa cha chuma kilichokaa kwenye maji baridi, kipanguse, kiweke mgongo juu chini ya pua, funga mdomo, pumua kawaida. Utaona mvuke umeacha madoa mawili. Linganisha. Rudia asubuhi, mchana, na kabla ya kulala, kwa siku kadhaa. Kwa nini kadhaa? Kwa sababu pua ya kila mtu ina zamu: kwa saa chache upande mmoja unavimba kidogo, mwingine unafunguka, halafu wanabadilishana. Mtu anayeziba leo kushoto kesho kulia si lazima ukuta wake umepinda. Wengi ni aleji au ile zamu tu. Doa la kushoto likiwa dogo kila mara, ukuta ndio mshukiwa wa kwanza. Kisha weka kidole shavuni karibu na pua, livute shavu upande wa sikio taratibu. Hewa ikifunguka ghafla, mwambie daktari, kwa kuwa hiyo inamwonyesha kwamba sehemu nyembamba iliyo nyuma kidogo ya tundu inalegea au imebanwa, na wanaonyoosha ukuta pekee wakaisahau hiyo humwacha mgonjwa bado anahema.

Lakini hutapata jibu la kweli mpaka uachane na hicho kichupa. Hapa nitakuwa mkali. Matone ya kuzibua pua yenye oksimetazolini au ksailometazolini, soma lebo, yanabana mishipa ya damu ndani ya pua na kuipa nafasi. Ni dawa nzuri ya siku tatu, tano, ikizidi sana wiki. Ukipitisha hapo, mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, na wewe unadondoshea tena. Unachokiita pua kuziba, sehemu yake kubwa sasa huenda ni kichupa. Nimewajua watu waliopangiwa upasuaji, wakaacha matone, wakafuta tarehe.

Kuacha kuna adha yake. Wengi huanza na tundu moja: upande wa kulia usidondoshee kabisa, wa kushoto endelea kidogo ili upate usingizi, na kulia kukifunguka, baada ya wiki moja au mbili, acha na kushoto. Suuza pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasisitiza yaliyochemshwa. Maji ya bomba moja kwa moja puani yana hatari yake, ingawa nadra. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya kupuliza ya jamii ya steroidi, kama flutikasoni au mometasoni. Hiyo haifanyi kazi dakika mbili. Inataka siku nyingi, hata wiki kadhaa, na inapulizwa kuelekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa kati. Watu wanaipuliza vibaya, wanatoka damu, wanaitupa, wanarudi kwenye matone.

Umeuliza kama kuna dawa isiyo ya kisu. Kwa kuvimba kwa ndani, ipo, hiyo niliyoitaja. Kwa gegedu na mfupa uliopinda toka utotoni, hakuna. Kibanio kaanikie nguo. Mazoezi ya pua ya mtandaoni, vivyo hivyo.

Fila ni suala lingine, maana wewe unaiona kama njia ya katikati. Sindano ile haijawahi kunyoosha pua ya mtu. Inajaza pale palipo na bonde ili mstari uonekane umenyooka. Pua inakuwa kubwa kidogo, si ndogo, na ukuta wa ndani uko vilevile. Kwa kawaida inayeyuka baada ya miezi, mwaka au zaidi kidogo. Hata hivyo si hilo linalonitia hofu. Mishipa ya damu ya pua imeungana na mishipa inayolisha jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa badala ya kukaa nje yake, ngozi ya pua inaweza kufa ikawa nyeusi, na jicho linaweza kupofuka ndani ya dakika, na mara nyingi halirudi. Hutokea mara chache, lakini pua ni miongoni mwa sehemu hatari zaidi usoni kwa sindano hiyo. Madaktari waliosomea huwa na dawa ya kuyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki papo hapo, na wanajua dalili: ngozi kupauka ghafla, maumivu makali, jicho kuona giza. Muulize huyo dada wa saluni ana dawa gani ya kuyeyusha. Na muulize ndani ya bomba lake la sindano kuna nini hasa, maana zipo sehemu ambako watu wamechomwa silikoni ya maji, na hiyo haiyeyuki. Rafiki anayekupunguzia bei hawezi kukupunguzia hayo.

Basi na kisu. Upo upasuaji wa kunyoosha ukuta wa kati peke yake. Unafanywa kupitia ndani ya tundu la pua, kwa hiyo nje hakuna kovu. Kwa kawaida unapewa nusu kaputi, kazi yenyewe inachukua kama saa moja, na wengi huenda nyumbani siku hiyo au ya pili yake. Daktari anainua ile ngozi nyembamba, anaondoa au kunyoosha sehemu iliyopinda, analaza ngozi mahali pake. Wiki ya kwanza pua imeziba kuliko ulivyoingia, usishangae. Hupengi kamasi, ukipiga chafya fungua mdomo, hubebi robota la vitenge kwa wiki mbili hivi. Yanayoweza kwenda kombo ni damu, maambukizi, tundu kwenye ukuta, ganzi ya meno ya mbele kwa muda, na mara chache harufu kupungua. Ujue kuwa upasuaji huu unaweza kukupa hewa na pua ya nje ikabaki kushoto vilevile, kwa sababu haukukusudiwa kugusa sura.

Wa pili ni ule unaoshughulikia ukuta na umbo kwa pamoja. Mfupa wa juu unakatwa na kusogezwa, gegedu linanyooshwa au kutiwa nguvu kwa vipande vilivyotolewa kwenye ukuta wenyewe, sikio au ubavu. Kwa pua iliyopinda kuanzia mfupani, na ukuta nao umelala, mara nyingi huu ndio wenye maana. Utavaa bamba gumu juu ya pua kama wiki moja, macho yenye weusi kwa wiki moja au mbili, uvimbe mkubwa unapungua kwa wiki kadhaa, lakini umbo la mwisho linatulia baada ya mwaka, na ngozi nene ya ncha ya pua, ambayo wengi wetu tunayo, huchukua zaidi. Kama una tabia ya makovu kuvimba, keloidi, sema kabla; baadhi ya madaktari huchana kidogo pale kati ya matundu mawili. Na ujue kuwa wanaorudi kufanyiwa tena hutajwa kati ya watu 5 na 15 kwa kila 100. Gegedu lina kumbukumbu, na pua iliyopinda miaka 20 hupenda kurudi nyumbani. Daktari mwaminifu atakuambia "itanyooka zaidi". Akikuahidi itanyooka kama rula, chukua mkoba wako.

Wapi? Anza hospitali ya wilaya au mkoa, omba rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kwako wewe wa Dar es Salaam Muhimbili iko karibu. Wa kaskazini wana KCMC Moshi, wa Kanda ya Ziwa wana Bugando. Kama una bima, uliza mapema, kwa maandishi, wanalipia nini. Bima kwa kawaida haigusi urembo, lakini pua isiyopitisha hewa ni ugonjwa, na hapo maelezo ya daktari kwenye fomu yana uzito. Usimwambie daktari "nataka pua nzuri" kisha ukasahau kumtajia kukoroma, mdomo mkavu na mchi wa Kilosa.

Kuhusu kukoroma, muulize mumeo jambo moja: je, kuna wakati unanyamaza kabisa, pumzi imekatika, halafu unashtuka? Na mchana unasinzia dukani? Ikiwa ndiyo, hilo lipimwe peke yake, kwa maana ukuta wa pua ukinyooka si lazima kukoroma kuishe.

Na kauli yake ya kubadilisha uumbaji. Mimi si shekhe, na nyumba yenu nyie ndio mnaoijua. Lakini namkumbusha kisa kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, cha Arfaja bin As'ad aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikaanza kunuka, Mtume akamwelekeza atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, ambayo kwa mwanaume si ruhusa kuivaa. Wanazuoni wengi hukitumia kisa hicho kutofautisha kurekebisha kilichoharibika na kubadilisha kwa kujipamba tu. Nendeni wote wawili mkamuulize imamu wenu, na mumeo ndiye amweleze kuhusu mchi na kukosa pumzi, maana nahisi hajawahi kuambiwa hivyo. Ameambiwa "pua" akasikia "urembo".

Limebaki la laivu. Wewe unajitazama kwa simu iliyo sentimita 30 kutoka usoni. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kuwa picha ya umbali huo huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu, kwa sababu kilicho karibu na lenzi hukua. Juu ya hayo simu nyingi hukuonyesha umegeuzwa kama kwenye kioo, kisha wateja wanakuona vinginevyo, nawe ukijiona kwenye video unaona pua imehamia upande usiouzoea. Sogeza stendi nyuma, mita moja na nusu, inue ifike usawa wa macho, taa iwe mbele yako siyo ubavuni. Dera lenyewe litaonekana lote, kitu ambacho mteja wa Sumbawanga anakihitaji kuliko pua yako. Na kumbuka kuwa uso wa kila mtu una upande mmoja usiolingana na mwingine. Muangalie huyo aliyeandika, kama ana picha.

Sikwambii usifanye upasuaji. Ukishaacha matone, ukapimwa, hewa ikawa bado haipiti, fanya, na kama daktari anaona umbo na ukuta vinaweza kwenda pamoja, vifanywe pamoja, usipasuliwe mara mbili. Ila usiende ukiwa na hasira ya maoni ya mtu mmoja. Ngoja miezi michache ipite.

Siku ya kwenda kliniki beba picha zako za darasa la nne na za kidato cha pili, moja ya sasa iliyopigwa na mtu mwingine kutoka mbele, na moja aliyokupiga akiwa amesimama nyuma yako, simu ikikutazama kutoka juu ya utosi. Kwenye hiyo ya juu ndipo mpindo unaonekana vizuri kuliko kwenye kioo chochote. Beba na kichupa cha matone, daktari asome jina mwenyewe. Halafu niandikie amesema nini kuhusu ukuta, na mtoto anaendeleaje.